Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya: gitare moja mbele ya mashini

Siku ya posho jioni mu Kolwezi, kama kuko ndoa ao konseri, mafundi wa sauti njo wanafika mbele ya watu wote. Mumoja anashusha visanduku vyake vya chuma: kimoja cha mwangwi, kingine cha kurudilia sauti, kingine cha kuzuia sauti isipite kipimo. Anavipanga kando ya mikseri na kuviunga kimoja-kimoja. Mwenzake anafungua ordinatere tu, anaunga waya mumoja, na kuonyesha kwamba vyote viko ndani, katika programu. Hapo mabishano yanaanza. Wa visanduku anasema chombo chake hakigandi katikati ya wimbo. Wa programu anasema yeye anabeba studio nzima mu mufuko wa mugongo, na kama angepaswa kununua vile vyote vya chuma, angeuza nyumba.

Yale mambo mafundi wanaita efe yanapendeza, na mabishano yao hayataisha kesho. Lakini mbele ya sanduku na mbele ya programu kuko mikono ya mutu mwenye anapiga. Maisha ya mwana mumoja wa hili jimbo yanaonyesha vizuri namna mashini inaweza kumuinua mupigaji, na namna inaweza kumuficha. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, mwenye kisha alijulikana kama Mwenda wa Bayeke.

Mutoto wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya. Leo Bunkeya iko mu teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Mutu akitoka Kolwezi kwenda kule, anabaki ndani ya jimbo lake mwenyewe. Zamani ulikuwa muji mukubwa wa mufalme Msiri. Wayeke walitoka upande wa Unyamwezi, katika inchi yenye leo inaitwa Tanzania, wakifuata biashara ya shaba na ya pembe za ndovu, na katika karne ya 19 Msiri alijenga ufalme wenye ulijulikana mbali sana. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 1891, watu wa msafara wa Stairs walimuua, na Katanga ikaingia katika mikono ya Leopold II. Jina Mwenda ni la ile nyumba ya kifalme. Msiri mwenyewe alikuwa nalo, na wafalme wa Bayeke wenye walimufuata wamelibeba mupaka leo.

Basi, yule mutoto alizaliwa na jina nzito. Lakini dunia yenye alikulia ilikuwa tayari ya reli, ya viwanda na ya kengele ya kazi. Union Minière ilikuwa inachimba shaba kuanzia Élisabethville mupaka Kolwezi, na ilikuwa inatafuta wafanyakazi kila upande: Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini. Watu wenye hawakuwa na lugha moja walikutana katika kambi moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya bar. Gitare nayo ilifika kwa njia ile ile. Kijana mwenye kupata mushahara aliweza kuinunua, kuitundika begani, na kutembea nayo jioni kutoka kambi mupaka kambi.

Mwenda aliingia katika ile dunia kule Jadotville, muji wenye leo tunaita Likasi. Alikuwa anaimba zaidi katika Kiswahili, na pia katika lugha zingine za Katanga. Hakuwa na orkestre. Hakuwa na bafle, wala amplifaya, wala mikro. Alikuwa na gitare ya mbao na vidole viwili vya mukono wa kuume: kidole gumba na kidole cha shahada.

Mikro moja, mukono mumoja

Mwaka wa 1952, Muingereza mumoja alifika Jadotville na lori yenye kujaa vyombo vya kurekodi. Ni Hugh Tracey, alizaliwa Uingereza mwaka wa 1903 na alifika Afrika akiwa kijana ili kulima katika shamba la ndugu yake kule Rhodesia ya Kusini. Kule shambani alijifunza nyimbo za wafanyakazi, na ile hamu haikumutoka tena. Alitumia maisha yake yote kuzunguka Afrika ya katikati, ya mashariki na ya kusini, akirekodi muziki wa vijiji na wa miji.

Fundi wa sauti wa leo anapaswa kujua namna Tracey alikuwa anafanya kazi. Gurupu yake ya kurani alikuwa anaiweka mbali, na waya murefu, ili kelele ya motere isiingie mu mikro. Mikro yenyewe hakuisimamisha pahali pamoja. Alikuwa anaishika kwa mukono, na kuisogeza wakati muziki unaendelea: karibu na huyu, mbali kidogo na yule, tena karibu na chombo chenye kilikuwa kinaanza kusema. Ule mukono wenye kutembea njo ulikuwa mikseri yake. Kitu chenye kiliingia mu mukanda njo kilibaki. Hakuna mutu angeweza kisha kuinua gitare na kushusha sauti ya mwimbaji, kwa sababu vyote vilikuwa vimechanganywa tayari katika hewa.

Tracey alimukuta Mwenda na gitare yake, akamurekodi. Mwenda alikuwa na miaka 22. Kati ya zile nyimbo kulikuwa moja yenye jina Masanga, na ile moja ilibadilisha maisha yake. Chama cha muziki wa Afrika, chenye Tracey alisaidia kuanzisha, kiliipa tuzo la Osborn kama rekodi bora ya ule mwaka. Kampuni Gallo ya Johannesburg ilitoa nyimbo za Mwenda katika sahani za mizunguko 78 kwa dakika, na zile sahani zikaanza kusafiri.

Kumbe ndani ya Masanga muko nini? Mutu mwenye anaisikia mara ya kwanza anafikiri kwamba kuko wapigaji wawili, labda watatu. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi za chini na hesabu yake. Kidole cha shahada kinatembea kwenye nyuzi za juu na hesabu ingine. Wakati mwingine vinakutana, wakati mwingine kimoja kinaingia mahali kingine kimenyamaza, na sikio la musikilizaji linajaza lenyewe nafasi zenye zinabaki. Miaka kama tisa kisha, mwalimu wa muziki David Rycroft aliandika habari ndefu katika gazeti African Music, mwaka wa 1961 na wa 1962, ambamo aliweka muziki wa Mwenda katika noti ili aonyeshe namna ule mutu mumoja alikuwa anatoa sauti nyingi hivyo.

Hapa inafaa kuangalia kitu chenye kilikuwa kinafanyika ngambo ya bahari katika ile miaka ile ile. Kule Marekani, mupiga gitare Les Paul alikuwa anajirekodi mara nyingi, gitare juu ya gitare, kwanza kwenye sahani, kisha kwenye mukanda. Mwaka wa 1951 yeye na bibi yake Mary Ford walitoa How High the Moon, na watu wa dunia nzima walishangaa kusikia mupigaji mumoja akisikika kama orkestre. Les Paul alikuwa fundi wa kweli na mupigaji wa kweli, na studio za leo zinamudai mengi. Lakini ile orkestre yake ilitoka mu mashini. Ile ya Mwenda, mu Jadotville, ilitoka mu vidole viwili, mara moja, bila kurudilia. Wote wawili walitafuta kitu kimoja: namna gani mutu mumoja ajaze masikio ya watu. Kila mumoja alitumia chombo chenye alikuwa nacho.

Sahani ambazo hazikuwa na lazima ya kurani

Sababu gani zile nyimbo zilifika mbali hivyo? Utamu wa wimbo ni sababu ya kwanza, lakini haikuwa peke yake. Watu wengi walisikia zile sahani kwenye gramofone ya kuzungusha kwa mukono, yenye haihitaji kurani hata kidogo, ao kwenye radio ndogo yenye bafle ya ukubwa wa kikombe. Chombo cha namna ile hakiwezi kutoa bas nzito, na mwangwi mwingi ukiingia mule unageuka kuwa matope. Gitare moja kavu, yenye kila noti inasikika peke yake, inapita vizuri kabisa. Rekodi ya Tracey ilifaa kwa vyombo vya wasikilizaji. Hili ni jambo lenye mafundi wengi wanasahau: sauti haiishe pa mikseri, inaishia katika sikio la mutu, kupitia chombo chenye ule mutu iko nacho.

Zile sahani zilivuka mupaka. Zilisikika katika Rhodesia ya Kaskazini, Tanganyika, Uganda na Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwenda mwenyewe alienda Nairobi, na kule alikuwa na kipindi chake katika radio. Edouard Masengo, mupiga gitare mwingine wa Katanga, naye alipata jina kubwa kule. Vijana wa Kenya walikuwa wanasikiliza, wanashika gitare, na kutafuta namna ya kupiga na kidole gumba na kidole cha shahada. Kule magaribi ya Kenya, wapigaji kama George Mukabi, mwenye alikufa mwaka wa 1963, walijenga namna yao wenyewe ya kupiga na vidole, na chupa ya soda ikigongwa pembeni kushika mwendo. Mutu wa Katanga akisikia ule muziki, anatambua ndugu.

Kwa radio za leo kuko jambo la kushika hapa. Mwenda hakufundisha wale vijana mu darasa. Mikro na antena njo ziliwafundisha. Sauti ilikuwa safi ya kutosha ili kijana mwenye kukaa mbali asikie kidole gumba kinafanya nini na cha shahada kinafanya nini. Kama fundi wa ile siku angeifunika ile gitare na mwangwi, wale vijana wangesikia uzuri, lakini hawangejifunza kitu.

Wakati nyuzi ziliingia mu kurani

Lakini ile miaka ilikuwa pia ya amplifaya. Kule Léopoldville, African Jazz ya Kabasele ilianza mwaka wa 1953, OK Jazz ilianza mwaka wa 1956, na gitare za umeme zikachukua bar, sahani na radio. Mwaka wa 1961 kampuni Fender ya Marekani ilianza kuuza kisanduku cha mwangwi chenye kilikuwa na springi ndani: sauti ya gitare inaingia upande mumoja, inatetemesha springi, na inatoka na ule mukia murefu wenye kila mutu anaujua leo. Kile kisanduku njo babu ya vile vyenye mafundi wa Kolwezi wanabeba. Programu zao nazo zinaiga kazi yake kwa hesabu.

Mupigaji mumoja wa gitare ya mbao angefanya nini mbele ya ile nguvu? Katika bar yenye kujaa watu wenye kucheza, chupa zikigongana, vidole viwili havisikiki kupita meza ya tatu. Ni ukweli wenye hauna haya. Sanaa ya Mwenda haikupungua hata kidogo, lakini nafasi ya kuisikia ilipungua. Watu walitaka kucheza wengi pamoja, na mashini ziliwapa njia. Muziki wa Katanga wa gitare moja, wenye miaka kumi mbele ulikuwa unafundisha Afrika ya Mashariki, ukaanza kuitwa muziki wa zamani.

Tena, ile miaka haikuwa ya amani. Tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka wa 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na vita haikuisha mupaka mwezi wa kwanza mwaka wa 1963, wakati askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi. Muziki ulipaswa kungojea, na wanamuziki walipaswa kula.

Mwenda hakukaa chini kulia. Alifanya kazi katika banki. Alifanya kazi katika kampuni ya serkali ya migodi, Gécamines. Alifanya biashara mu Lubumbashi, mahali alikaa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alikuwa na hoteli kule Sakania, karibu na mupaka wa Zambia. Na jambo moja lenye watu wengi hawajui: aliongoza pia makundi ya muziki. Basi hakuwa adui wa mashini. Alijua namna orkestre inaendeshwa, na alijua bei ya kuiendesha. Lakini wakati alishika gitare yeye mwenyewe, alirudi kwenye mbao na vidole viwili.

Newport, na mabishano ya kule

Mwaka wa 1969 Mwenda alialikwa kule Marekani, kupiga katika tamasha ya Newport, mu jimbo la Rhode Island. Ile tamasha ilikuwa na historia yake juu ya jambo hili hili. Miaka ine mbele, mwaka wa 1965, Bob Dylan alipanda pale na gitare ya umeme, na sehemu ya watu ikamuzomea. Walikuwa wanataka mbao, yeye akawaletea kurani. Kwa hiyo mabishano ya Kolwezi kati ya sanduku na programu iko na wakubwa wake. Kila kizazi kinabishana juu ya mashini mupya, na kila kizazi kinafikiri kwamba ni cha kwanza.

Kwa Mwenda, mashini ya Newport ilikuwa ya kuinua, haikuwa ya kufunika. Mutu wa Bunkeya alisimama mbele ya watu wengi wenye hawakujua Kiswahili, na bafle zikawafikishia kitu chenye mu bar ya Lubumbashi kingepotea kwa kelele: kila noti, mahali pake.

Miaka miwili kisha, inchi ilibadilisha jina kuwa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka wa 1972 serkali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo yenye kutoka Ulaya. Jean Bosco ikaondoka, na jina lenye lilibaki kwenye sahani zake za mwisho ni Mwenda wa Bayeke, Mwenda wa watu wake.

Wageni wanarudi kutafuta

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Muingereza John Low, mwenye alikuwa anapiga gitare, alifika Shaba kuwatafuta wale wapigaji wa zamani. Aliwakuta, alikaa nao, alijifunza kupiga kwa kuangalia mikono yao, na mwaka wa 1982 safari yake ilitoka katika kitabu chenye jina Shaba Diary. Katika ule mwaka wa 1982, Mwenda alienda kupiga Ujerumani. Watu wa vyuo na wa majumba ya makumbusho walikuwa wamesikia zile sahani za 78, na walitaka kuona kama kweli ni mutu mumoja.

Mwaka wa 1988 aliingia studio kule Cape Town, Afrika Kusini. Alikuwa na miaka karibu 58. Studio za ile wakati zilikuwa na mwangwi wa namna yote, na visanduku vya dijitali vilikuwa vimekwisha kuenea. Kile chenye kinasikika katika ile rekodi ni mutu muzima na gitare yake mbele kabisa. Kidole gumba kiko palepale, na cha shahada kiko palepale. Kati ya mikro ya Tracey ya mwaka wa 1952 na ile studio kuko miaka 36, na mashini zote zilibadilika. Mikono njo haikubadilika.

Ile rekodi ilitoka kwa kampuni Rounder ya Marekani mwaka wa 1994. Mwenda hakuiona. Alikufa mwezi wa 9 mwaka wa 1990, katika aksida ya barabarani mu Zambia. Alikuwa na miaka 60.

Kile chenye anawaachia mafundi

Kama Tracey hangefika na mashini yake, Mwenda angekuwa leo jina lenye wazee wachache wa Likasi wanakumbuka. Na kama mashini za orkestre hazingekuja, labda angebaki mbele ya watu miaka yote. Mashini ilimuinua, mashini ingine ikamuficha. Ni juu ya ile mabishano ya visanduku na programu si mambo ya bure: mutu mwenye kukaa nyuma ya mikseri anaamua nani atasikika na nani atazama.

Sasa, kati ya kisanduku na programu, fundi achague nini? Kila kimoja kiko na deni lake. Programu inapokea sauti, inaipiga hesabu, kisha inairudisha. Ile safari inachukua muda. Ukigawanya sekunde moja mara elfu, vipande kumi tu vinatosha ili mupigaji aanze kuhisi kwamba gitare yake inamujibu kutoka mbali, kwa sababu katika ule muda sauti ya hewani inatembea karibu metre tatu na nusu. Kwa mwimbaji wa rumba ni jambo dogo. Kwa mupigaji wa vidole, mwenye muziki wake wote unasimama juu ya hesabu mbili zenye kupishana, ni kama kumusukuma kiwiko. Basi, kama ni programu, mwangwi uende kwa watu mu sale, na mupigaji mwenyewe apewe sauti yake kavu moja kwa moja kutoka mikseri.

Kisanduku cha chuma hakina ile shida kwa kipimo kile, na fundi anakigeuza na vidole bila kutafuta katika ekra. Lakini kinafanya kazi moja ao mbili tu, kinaomba waya nyingi, na vumbi ya barabara za malori ya shaba na kobalti inaingia mu vifungo vyake mupaka vinaanza kukwaruza. Ordinatere inaogopa ile vumbi pia, na joto zaidi. Kurani ikikatika, ordinatere inabaki macho kwa betri yake, lakini kadi ya sauti yenye inategemea kurani inazimika, na wakati inarudi programu inaweza kuwa haiioni tena. Gurupu ikiwaka, kisanduku kinaamuka peke yake na kuendelea. Kwa hiyo mafundi wengi wenye akili wanabeba vyote viwili: programu kwa kazi nyingi, na kisanduku kimoja cha mwangwi kwa siku yenye ekra inakuwa nyeusi.

Lakini hiyo ni hatua ya mwisho. Ya kwanza ni kusikiliza mupigaji bila kitu. Ya pili ni kutafuta mahali pa mikro, kama Tracey na mukono wake: karibu kidogo, mbali kidogo, mupaka kidole gumba na cha shahada visikike vyote viwili. Ya tatu ni kusikiliza sale yenyewe. Kanisa ya ukuta wa matofali na dari ya mabati iko na mwangwi wake tayari, na kuiongezea mwangwi mwingine ni kumwaga maji mu mutoni. Kisha tu njo ulizo la sanduku ao programu linaingia.

Mikanda ya Tracey iko leo Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika yenye aliianzisha mwaka wa 1954, na yenye sasa iko katika chuo kikuu cha Rhodes. Masanga iko pale. Bunkeya nayo iko hapa, mu Lualaba. Kama kijana wa Kolwezi anataka kupima mashini yake mupya, anaweza kuanza na ule wimbo: azime efe zote, aweke gitare moja mbele ya mikro moja, asikilize kama anaweza kutenga kidole gumba na kidole cha shahada. Kama anavisikia vyote viwili, awashe mwangwi kidogo-kidogo. Pale kimoja kinapotea, asimame hapo na kurudi nyuma kidogo. Kile njo kipimo chenye Mwenda wa Bayeke alituachia.